Kabati la Musab

Edmonton, London
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Ndugu yangu Talib,

Salamu zikufike hapo Chake, wewe na mkeo na watoto. Mie nimo, namshukuru Mungu, ila masikio ndiyo yamekwisha. Simu siisikii hata nikiibana shavuni, kwa hivyo usipige ukaja kusema dada kanuna. Nitaandika. Hemal, mwenye duka hapa chini ya jengo letu, amekubali kutusaidia. Mie nampelekea karatasi, yeye anaipiga picha anakutumia kwa mtandao, na wewe ukijibu anaichapa ananitilia ndani ya bahasha. Nilimuuliza, utasoma? Akanijibu, "Bi Ummu, mie nimezaliwa Mkunazini, visiwani kwetu. Barua ya mtu haisomwi." Basi andika bila haya.

Kwanza, na hili likae kifuani mwako: mwanangu Miska yuko kwangu. Amemkimbia yule mume wake wa Stratford, nambari ya simu amebadilisha, na ana mimba ya miezi sita. Watu wa mumewe wasijue. Na watu wa ofisi ya nyumba wasijue vilevile, kwani nyumba hii imeandikwa jina la marehemu Musab na mie sijawaambia kama kafa. Wakijua watatutoa. Barua zao zinakuja, Kiingereza kirefu, nazitia chini ya godoro. Miska sijamuonyesha, asije akapata hofu na hali yake ile.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Hapa kwenye ujia wa nyumba tuna kabati, na ndani ya kabati mna mtambo wa joto wa zamani, sanduku la chuma refu kunishinda mie. Linawaka kwa gesi, linapuliza hewa ya moto kwenye vitundu vya kila chumba. Musab, Mungu amrehemu, ukifika msimu wa baridi alikuwa kila tarehe mosi ya mwezi anaingia kabatini, anajifungia, nusu saa. Akitoka ana kitu kakizongea gazeti, anashuka nacho moja kwa moja mpaka kwenye pipa la taka. Miaka ishirini na mbili. Nikimuuliza anasema, "Mambo ya mtambo hayo, mke wangu." Mtu mkimya yule, nikamwacha na yake.

Lakini siku ile hospitali, mwezi wa pili, aliponishika mkono, hakuniaga wala hakuniusia mtoto. Alisema, "Kabati, Ummu. Tarehe mosi. Usisahau kabati." Asubuhi yake akafa.

Baridi imeanza, mtambo nimeuwasha, na tangu hapo nyumba haikaliki. Kichwa kinaniuma kutoka alfajiri. Miska anatapika, analala mchana kutwa. Ananijibu Kiingereza chake kwamba ni mimba tu. Jana nikajipa moyo nikafungua kabati. Upande wa ndani wa mlango, Talib, mna tarehe zimeandikwa kwa penseli kutoka juu mpaka chini. Zote mosi. Kila moja ina alama ya vema. Ya mwisho ni mosi Machi mwaka huu, siku tano baada ya kufa kwake, na hiyo peke yake haina alama.

Mtu huwekeana tarehe na nani? Nieleze wewe uliyesoma.

Dada yako,
Ummukulthum


Chake Chake, Pemba
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Dada yangu Ummukulthum,

Shikamoo dada. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa nimefunga mlango wa ofisi ya walimu. La Miska limezikwa kwangu, usiwe na wasiwasi.

Sikutaka kuandika haya, ila umeniuliza. Musab alikuwa shemeji mwema na sijapata kumsikia akimtukana mtu. Lakini babu yake alisemwa mengi, na sisi tulipokuwa tunakuoza wewe wazee walinong'ona. Lisemwalo lipo. Wapo watu wanaorithishwa kitu na hawana njia ya kukikataa, kazi yao ni kukilisha kwa tarehe yake. Mwenyewe akifa, kile kitu kinabaki kinadai.

Nimekwenda kwa maalim mmoja ninayemuamini, sikumtajia jina. Ameniambia hivi: muda wa siku saba, baada ya sala ya alasiri, ukiweke chetezo ndani ya lile kabati, ubani mwingi na udi, madirisha yote yafungwe ili moshi usitoke, na wewe usome Ayatul Kursi mlangoni. Na ndani ya kabati pasiguswe kitu na mtu yeyote, hasa mgeni.

Nakuomba ufanye, dada. Naogopa kwa ajili ya mtoto aliyemo tumboni kuliko kwa ajili yenu.

Mdogo wako,
Talib


Edmonton, London
Ijumaa, 22 Novemba 2024

Talib,

Nimefanya yote. Hemal nimemmalizia vidonge vya mkaa dukani kwake. Anauliza, Bi Ummu, kuna harusi? Nikamwambia ipo.

Sikiliza niliyoyaona. Ubani ulipokolea, moshi wake ulivutwa na ule mtambo, ukatokea kwenye vitundu vya vyumba vyote, mpaka chooni. Nikafurahi, nikasema hapa hapana pa kujificha. Siku ya pili, kidude cheupe alichokibandika Musab ukutani karibu na kabati kilianza kupiga kelele. Mie nisiyesikia simu, hiyo niliisikia, ilinipasua. Nikizima ubani, kinanyamaza. Nikiwasha, kinalia. Nikajua ubani unamuuma huyo aliyemo kabatini. Siku ya nne kikalia hata chetezo sijakiwasha, asubuhi kweupe, nikaogopa. Nikakibandua, nikakivua betri, nikakizonga kanga nikakitia mtungini. Miska alikuwa amelala hakujua. Sijamwambia neno, ataniona mwehu.

Siku saba zimekwisha na hali imezidi. Mnanaa wangu wa jikoni umenyauka. Mtambo unakoroma, unajizima, unajiwasha. Moto wake zamani ulikuwa wa buluu, sasa wa njano. Miska jana aliweka sufuria jikoni akasahau kwa nini.

Na kuna jambo la ajabu. Jumanne nilimkokota twende Walthamstow sokoni akanyooshe miguu. Tulikaa huko kutwa, tukala mihogo ya kukaanga, akacheka, kichwa changu kikawa chepesi. Tumerudi, hatujavua makoti, kichwa hicho. Kwa hivyo kitu hakitufuati. Kinakaa nyumbani kinatungoja.

Juzi tena alikuja mtu wa ofisi, kavaa koti lenye mistari ya kung'aa, ana mkoba wa zana. Ni mara ya pili. Nilimtazama kwenye kitundu cha mlango mpaka akachoka. Katia karatasi chini ya mlango, ina herufi nyekundu. Nimemwambia Miska, mtu yeyote akibisha, husikii. Nyumba hii sina nyengine.

Ummukulthum


Chake Chake
Jumanne, 26 Novemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekwenda tena kwa maalim. Anasema kikilia ndiyo kinakaribia kutoka, na kikitoka huwa kinatoka kwa nguvu. Ameongeza siku saba nyengine. Mtu wa ofisi umefanya vyema kutomfungulia.

Lakini naandika haya na moyo haujatulia. Kwanza mwandiko wako. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, ulikuwa unanipiga rula nikitoka nje ya mstari. Barua hii ya pili mistari yako inapanda na kushuka. Unakula?

Pili, hilo la kupona mkitoka nje. Nimeliwaza kutwa, na maalim nilipomuuliza alibadilisha mazungumzo.

Nijibu jambo moja. Musab alichokuwa akikizonga kwenye gazeti, uliwahi kukiona?

Mdogo wako anayekuombea,
Talib


Edmonton
Ijumaa 29 Novemba

Talib

Ndiyo nilikiona. Miaka kumi na miwili sijamwambia mtu. Nilimfuata chini kwenye pipa, alipoondoka nikafungua gazeti. Ilikuwa kama ngozi ya mnyama, Talib. Kijivu, nene, ina manyoya. Imekatwa mraba. Haina kichwa haina miguu. Nikaikunja nikarudi juu nikampikia chai na sikumuuliza kitu. Nililala naye kitanda kimoja na siri hiyo.

Siku saba za pili nimeshaanza. Kuna na kitu kimoja rafu ya juu kabatini, bapa, kimo ndani ya nailoni, nimekifunika kwa kanzu yake. Sikigusi.

Miska hatapiki tena. Analala tu. Namuamsha anasema mtoto hachezi kama zamani. Nimemuuliza lini kacheza mwisho akasema hajui leo siku gani.

Mie miguu haina nguvu ya ngazi. Hemal kapanda kuja kuichukua hii mwenyewe. Amesimama mlangoni anasema nyumba yako ina joto Bi Ummu na harufu nzuri. Sikumkaribisha ndani.

Nikifa usimwambie mtu habari ya ngozi.

Ummu


Chake Chake
Jumatatu, 2 Desemba 2024, saa tatu na nusu asubuhi

Bwana Hemal,

Hunijui. Mimi ni Talib, mdogo wake Bi Ummukulthum. Barua hii si yake, ni yako wewe. Tafadhali isome, na ukiisoma usimalize kikombe chako.

Panda juu kwake sasa hivi uwatoe nje yeye na bintiye. Bintiye yumo humo, Miska, ana mimba. Usibishe ukangoja. Dada yangu hasikii, na Miska ameambiwa asimfungulie mtu. Vunja mlango, vunja dirisha. Piga nambari ya dharura uwaambie ni sumu ya gesi. Ukiingia fungua kila kitu na wewe mwenyewe usikae humo.

Leo asubuhi fundi alikuja kusafisha kiyoyozi cha chumba cha kompyuta hapa shuleni. Akafungua, akavuta kitu cha kijivu, kina manyoya, mraba. Akakizonga gazeti vumbi lisimwagike. Akatoa penseli akaandika tarehe ukutani, akatia vema. Nikamuuliza fundi, kitu gani hicho? Akasema, "Chujio la hewa, mwalimu. Lisipobadilishwa mashine inakabwa." Nikamuuliza, na mashine ya gesi ikikabwa, moto ukawa wa njano, watu wakaumwa vichwa, wakitoka nje wanapona? Akaacha zana zake chini. Akasema chuma cha ndani kinapasuka kwa joto, na moshi wake hauna rangi wala harufu. Akasema, waambie watoke, mwalimu, mbona unaniuliza mimi.

Mimi ndiye niliyewaambia wafunge madirisha. Fanya haraka.

Talib


Chake Chake
Siku hiyohiyo, saa tano

Bwana Hemal,

Nimepiga simu ya dada mara kumi na nane. Inaita. Ya Miska ile ya zamani haipo, na yako sinayo. Kwenu huko sasa ni saa mbili asubuhi, utakuwa umefungua duka. Tazama mashine yako, nakuomba kwa dini yako na yangu.

Talib


Chake Chake
Saa saba

Bwana Hemal,

Je, umeiona?

Talib


Edmonton, London
Jumatatu, 2 Desemba, saa kumi na moja jioni

Mwalimu Talib,

Wako hai. Nakwambia hilo kwanza. Wote wawili wanapumua, wako hospitali na vinyago vya hewa usoni. La mtoto tumboni sijaambiwa, nimeuliza mara mbili.

Barua yako nimeikuta saa nne kasoro dakika kumi. Nilifungua duka saa mbili, nikapokea mkate na maziwa, nikaona kwenye mashine jina lako mara mbili. Nikasema, Bi Ummu leo ana barua mbili, nikazichapa bila kuzisoma kama kawaida yangu. Nilikuwa natia bahasha ya pili nikaona jina langu juu. Niliziacha mashineni saa nzima na dakika hamsini, Mwalimu, kwa sababu nilidhani si zangu.

Nilipanda na Balbir, jirani wa ghorofa ya pili, dereva wa basi, ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini. Tulibisha. Tukavunja kioo cha jikoni upande wa baraza, Balbir akapenya. Miska alikuwa ujiani, ameanguka hatua mbili kutoka mlangoni, mkono ameunyoosha. Nadhani alitusikia tunabisha. Bi Ummu alikuwa juu ya msala, amelalia ubavu. Chetezo kilikuwa baridi. Mtambo ulikuwa unapuliza. Tuliwaburura mpaka ngazini, na Balbir alitapika kwa dakika zile chache tu tulizokuwa ndani.

Watu wa gesi wamekata kila kitu. Mmoja amenionyesha chujio. Limekuwa jeusi, limeganda mafuta ya ubani, hata kidole hakipiti. Amesema halijaguswa tangu msimu uliopita.

Mkaa na ubani nimemuuzia mie, Mwalimu. Na barua zenu zote zimepita mkononi mwangu. Baba yangu alinifundisha barua ya mtu haisomwi, na sikusoma. Ningelisoma moja tu ningelijua, kwani mie dukani nina mtambo kama ule na chujio lake nabadilisha mwenyewe.

Hemal


Edmonton, London
Jumamosi, 1 Machi 2025

Ndugu yangu Talib,

Barua zako tano nimezipata na sikukujibu. Nilikuwa nimekukasirikia, na nilikuwa nimejikasirikia zaidi, na hasira mbili hazikai kwenye kalamu moja. Leo nimekaa.

Miska kajifungua tarehe ishirini na tisa Januari, kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, mdogo, unamshika kwa viganja viwili na nafasi inabaki. Ananyonya. Anafungua macho. Daktari, mwanamke mmoja jina lake Margaret, alikaa na sisi akatueleza polepole, na Miska akanifasiria kwa Kiswahili, Talib, mwanangu anayenijibu Kiingereza maisha yake yote. Amesema yale tuliyoyavuta na mtoto aliyavuta. Huenda asidhurike kabisa. Huenda akachelewa kukaa, au kusema, au kujua. Haijulikani mpaka akue. Itabidi tungoje mwaka, miwili, mitatu. Nikimtazama anapiga miayo naogopa. Akilala sana naogopa, akilia sana naogopa. Pumzi yake siisikii kwa masikio haya, kwa hivyo akilala namwekea kiganja kifuani, na Miska ananikuta hivyo nimekaa kutwa, chai imepoa.

Barua za ofisi Miska kazitoa zote chini ya godoro akazisoma. Hazikuwa za kututoa. Zilikuwa zinaomba fundi aingie kuukagua mtambo kwa usalama wetu, tuchague siku. Nyengine ilikuwa ya pole. Walishajua kama Musab kafa, na nyumba ni yangu kwa haki yangu ya mke. Mtu yule niliyemtazama kwenye kitundu cha mlango alikuwa na dawa yetu mkobani.

Wameweka mtambo mpya kwenye kabati lilelile. Fundi alitoa vitu vya rafu ya juu ili apate nafasi, akanipa kanzu ya Musab, na ndani yake kile kitu bapa cha nailoni nilichokuwa naogopa kukigusa. Akakipangusa, akanionyesha. Ni chujio, Talib. Jipya, halijafunguliwa. Juu yake, kwa ile penseli yake, Musab kaandika: Machi. Alishalinunua. Alishaliweka. Kazi iliyobaki ilikuwa ya nusu saa na mke mwenye akili ya kuuliza.

Ndiyo alichokuwa akinambia pale kitandani. Mtu anakufa na jambo lake la mwisho ni kwamba sisi tuvute hewa safi. Na mie na wewe, wasomi, tukamfanya mchawi. Nikamsomea Ayatul Kursi kama shetani. Miaka kumi na miwili nimelala nimempa mgongo kwa sababu ya vumbi la nyumba yangu mwenyewe. Wewe umeniomba msamaha mara tano. Mie huyo wa kuombwa hayupo.

Kidude cheupe, kumbe ni cha kututahadharisha na gesi ya sumu, nimekitoa mtungini, Balbir kakitia betri, kimerudi ukutani. Udi nafukiza nje kwenye baraza, baridi na isiwe baridi. Mlango wa kabati walitaka kuutupa, nikawakatalia.

Leo ni tarehe mosi. Asubuhi nimeingia, nimejifungia kama yeye. Nimetoa chujio la mwezi uliopita, limeshaota manyoya ya kijivu, nikalishika kwa ncha za vidole ingawa najua ni nini. Nimelizonga gazeti. Nimetia jipya. Kisha nikachukua penseli, nikaitafuta ile mosi Machi ya Musab isiyo na alama, nikaitia vema, imechelewa mwaka mzima. Chini yake nimeandika mosi Aprili.

Miska anauliza mtoto tumwite nani, mpaka leo hajapata jina, na nakuuliza wewe mjomba wake. Usiende kwa maalim. Fikiri mwenyewe, uniandikie. Hemal kasema kuanzia sasa atazisoma.

Dada yako,
Ummukulthum